Wanaochimba Chini ya Sakafu

Dilala, Kolwezi, 15 Aprili 2024

Mama mpendwa,

Moyo wako, mama, nakusalimu kikwetu. Usishtuke kupata karatasi badala ya kusikia sauti yangu. Kila nikitoka kazini yaya Rémy, kaka yangu huyu, ananiomba simu, anasoma kila kitu, halafu anaizima na kuifunika kwa sufuria. Anasema kuna watu wanatusikiliza kupitia humo. Ndiyo sababu ninakuandikia ofisini, wenzangu wakiwa wameenda kula. Barua nitampa Tata Symphorien, dereva wa lori anayepita Lubudi. Tafadhali nijibu kwa njia hiyohiyo, na usipige simu kuuliza.

Habari ni hii: yaya anasema chini ya nyumba yetu kuna watu wanachimba.

Alianza kuwasikia siku za Pasaka. Unajua anaendesha mashine usiku huko mgodini, na mchana ndio wakati wake wa kulala. Sasa halali. Jumamosi, jua likiwa utosini na avenyu nzima imenyamaza, nilimkuta chumbani kwake amelaza shavu sakafuni. Aliponiona aliweka kidole mdomoni.

"Unasikia?"

"Sisikii kitu, yaya."

"Beko nachimba. Beko batatu. Mumoja anakohoa."

Nikapiga magoti, nikaweka sikio niwatafute hao watatu wanaochimba. Simenti ilikuwa ya baridi kuliko nilivyotazamia. Nilisikia mapigo ya moyo wangu tu. Lakini mama, Kolwezi unaijua. Kuna mitaa ambayo watu walichimba chini ya vitanda vyao wakatokea chini ya jiko la jirani. Nitamwambiaje kwamba haiwezekani?

Amekonda. Damu inamtoka puani. Anajikuna mikono mpaka ngozi inachubuka, na anacheka kabla mtu hajasema neno. Kuna jambo lingine pia. Nitaliandika siku nyingine, nikiwa na hakika.

Binti yako,
Josée Tshiela


Lubudi, 23 Aprili 2024

Mamu wangu Josée,

Moyo wako. Barua imefika ikinuka mazuti ya lori. Tata Symphorien alinikabidhi mbele ya watu wote wa soko, sasa wanasema nimepata mchumba wa kuniandikia. Nimewaacha waseme.

Mwanangu, wewe ni mwoga tangu tumboni. Mkunga mwenyewe alisema ulichelewa kutoka kwa kuogopa mwanga. Unaniandikia habari njema kama mtu anayetangaza kilio! Watu hawachimbi mahali pasipo kitu. Kama wapo chini ya nyumba yetu, basi mali ipo chini ya nyumba yetu, na sisi ndio tuliolala juu yake miaka yote hii kama vipofu. Marehemu baba yenu Donatien aliitoa shaba ya kampuni maisha yake yote, wakamwachia kikohozi na hiyo nyumba. Kumbe huenda nyumba haikuwa kitu kidogo.

Simu anaifunika kwa sababu ana akili. Habari ya mawe yenye madini ikisikika, kesho lupango yetu, ua mzima, itajaa watu. Damu ya pua ni vumbi. Kukonda ni mawazo.

Ila sikiliza. Akianza kuchimba, wewe usiingie chumba hicho. Mwanamke akikaribia shimo, mawe yanakimbia. Mimi niliolewa na mchimbaji na sikukanyaga mlango wa shimo hata siku moja. Muheshimu yaya yako.

Nimeweka humu barua yake. Mpe mkononi.

Mama yako,
Charlotte


Lubudi, 23 Aprili 2024

Rémy Kalala, mume wangu mdogo, mtoto wangu wa kwanza,

Dada yako ameniambia unachosikia. Mimi nakuamini.

Usingoje wageni wachukue kilicho chini ya kitanda chako. Baba yako aliingia ardhini kwa ajili ya watu wengine. Wewe ingia kwa ajili yetu. Chimba, mwanangu. Shuka bila woga. Baraka yangu iko juu ya mikono yako. Chumba kifunge, na mwanamke asikaribie, hata Josée.

Mama yako


Dilala, 12 Mei 2024

Mama,

Ulimwandikia nini yaya?

Niliikabidhi barua yako bila kuifungua, kama ulivyonilea. Aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena, akanikumbatia kwa nguvu mpaka nikaumia. "Mama anajua," alisema. "Mama pia anabasikia." Siku hiyohiyo akakisukuma kitanda ukutani na kuvunja sakafu.

Shimo sasa linammeza mtu mzima. Udongo anaumwaga nyuma ya jiko. Mimi siruhusiwi kupita mlango wa chumba chake. Nikisogea anapiga kelele kwamba nitafukuza mawe, na anasema ni amri yako. Jirani yetu Tata Kisimba alipouona udongo alicheka: "Eh, Rémy! Ukipata jiwe unipe hata ka kuwekea mulango!" Vijana wawili nisiowajua wakaja kuomba washirikiane naye. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama yaya ni mgonjwa. Katika mji mwingine mtu akichimba shimo chumbani kwake, majirani wangekimbia kumwita daktari. Hapa wanamuuliza amefika mita ngapi.

Nami niliogopa kukuandikia neno lenyewe. Niliandika "jambo lingine" kama mtu anayeficha uchafu chini ya mkeka. Sasa naliandika. Ni kokeini, mama. Ule unga mweupe unaovutwa kwa pua. Nilikuwa nimeviona vikaratasi vilivyokunjwa, na mabaki meupe kwenye kioo cha kunyolea cha baba. Nilidhani ni dawa ya meno. Hapana, sikudhani hivyo. Nilitaka kudhani hivyo. Ilianza mwaka jana, mtu wa kikosi chake cha usiku alipompa ili asisinzie kwenye mashine. Kazini wamemsimamisha tangu mwezi wa tatu. Kila jioni anavaa gwanda na kutoka, lakini haendi kazini.

Mikono anajikuna kwa sababu anasema kuna wadudu chini ya ngozi. Juzi nilimwona ameshika sindano akitaka kumtoa mmoja.

Na kuna hili. Yule anayekohoa chini, yaya anasema ni baba. Anasema baba hakufa, alibaki kazini, naye anachimba ili amfikie. Mimi nalala ukumbini, nimeegemeza kiti kwenye mlango wangu, na sijui ninamzuia nani asiingie.

Niambie la kufanya.

Josée


Lubudi, 17 Mei 2024

Josée,

Nimekaa na barua yako tangu asubuhi, mahindi yameungua jikoni.

Mtoto wangu hawezi. Rémy alikuwa anaimba kwaya. Rémy hanywi hata pombe mbele yangu. Kama kuna unga, basi kuna mtu aliyeutia mkono, na mtu huyo hakutumwa na Mungu. Wivu wa Kolwezi unaujua: mtoto wa sisi wageni wa Kasai akipata kazi nzuri, maneno hayaishi.

Nimezungumza na kikundi changu cha maombi. Wamesema ni roho ya mgodi imemkalia, ndiyo maana inasema kwa sauti ya marehemu. Wana watu wenye nguvu. Watamfunga kamba kwa upendo, wamfungishe bila chakula mpaka roho iondoke. Tunapanda gari wiki ijayo.

Usiniulize tena nilimwandikia nini. Nilimwandikia kama mama.

Charlotte


Dilala, 20 Mei 2024

Mama yangu,

Nakuomba kwa magoti, usije na kamba.

Leo nimeomba ruhusa kazini kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. Nimekwenda kumwona daktari, mwanamke anayeitwa Abigaël. Nilijifanya nauliza kwa ajili ya rafiki. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza: "Rafiki huyo mulinyonya naye titi moja?" Nikalia mbele yake.

Nakuandikia alivyoniambia, kwa maneno yake kadiri ninavyokumbuka. Unga huo unafungua ndani ya kichwa furaha kubwa isiyo na sababu, inayokwisha upesi. Kichwa kikishaizoea, furaha za kawaida, kama chakula, wimbo au sauti ya mama, hazifiki tena. Mtu anaanza kwa kutaka, na mwisho wake ni kushindwa kuacha hata akiwa anachukia. Hajakosa adabu, mama, wala hatukumlea vibaya. Ni ugonjwa. Usiku mwingi bila usingizi pamoja na unga ndivyo vinavyomletea sauti, watu wanaomsikiliza, wadudu chini ya ngozi. Kwake ni vya kweli kama ninavyokuona wewe.

Nikamuuliza dawa. Akasema kwa ugonjwa huu hakuna kidonge cha kuufuta. Kuna kulala, kula, kukaa mbali na wanaompa, na kuongea muda mrefu na watu waliofundishwa kazi hiyo. Wengi huanguka tena, kisha huinuka. Kuna nyumba ya matibabu Likasi inayopokea watu kama yeye, na atamwandikia. Lakini kumfunga kamba na kumnyima chakula kunaweza kumuua, kwa sababu moyo wake umeshachoka. Akishikwa na maumivu kifuani, tusingoje maombi wala mapambazuko, tumkimbize hospitali. Kusali hakukukataza. Alisema: "Mama asali, ila mikono ya mutoto ibaki huru."

Alisema pia tusibishane naye juu ya sauti. Tusimwambie zipo, tusimwambie hazipo. Tumsubiri saa ametulia, tumwambie tunamwogopea.

Ndipo nikamweleza kuhusu barua yako. Yaya huibeba mfukoni mwa shati, nami niliisoma siku shati lilipokuwa kwenye kamba. Daktari akasema: "Sauti ya mama yake ndiyo imemushusha. Yako haitafika kule chini."

Mama, sikulaumu. Mimi ndiye niliyekuficha ukweli, ukaandika bila kujua. Lakini wewe ulimtuma ashuke. Mwandikie apande. Ukuta wa shimo umeanza kumomonyoka, nasikia udongo ukianguka nikiwa jikoni. Kila unapoanguka nasubiri nisikie kama ataendelea kuchimba. Mpaka sasa ameendelea.

Josée


Lubudi, 24 Mei 2024

Rémy, mwanangu,

Ni mimi mama yako ninayeandika. Mwenye kukusomea asibadilishe hata neno.

Nilikupa ruhusa ya kushuka. Leo naichukua ruhusa hiyo. Sikujua. Sasa najua, na sioni aibu kuwa wewe ni mtoto wangu.

Sitaki mawe. Kama yako ya dunia nzima chini ya kitanda chako, yakae hukohuko.

Baba yako nilimzika mimi mwenyewe hapa Lubudi, nyuma ya reli. Kila Jumapili nang'oa majani juu yake, nampa habari zenu. Hayuko chini ya nyumba. Kama kuna mtu anakohoa huko, si wa kwetu. Mwache akohoe.

Zile kamba nimezirudisha. Watu wa maombi wamenikasirikia, watazoea.

Panda, Rémy. Utaoga, utakula, utakwenda na dada yako mahali watakapokusaidia. Usiponisikia, nitakuja mwenyewe niingie ndani ya shimo hilo, na mwiko wa mwanamke kutokaribia shimo uvunjike juu ya kichwa changu.

Mama


Dilala, 3 Juni 2024

Mama mpendwa,

Yuko Likasi. Yuko hai. Nakuandikia hilo kwanza, mengine soma ukiwa umekaa.

Barua yako ilifika Jumanne. Nilirudi nyumbani saa sita mchana. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Nilimwita, hakuitika. Nikavua viatu, sijui kwa nini, nikaingia.

Shimo lilikuwa jeusi kabisa. Hewa iliyotoka ilikuwa baridi, ikinuka mvua. Mwanga wa tochi ulitikisika chini, nikaona uso wake umetazama juu. Meupe ya macho yake tu ndiyo yaliyokuwa safi.

"Toka! Mwanamuke haifike ku shimo! Mawe itakimbia!"

"Ikimbie," nikasema.

 Nadhani hakuwahi kunisikia nikijibu hivyo. Nikapiga magoti ukingoni, nikasoma. Sikubadilisha neno. Nilipofika mahali pa kuzika na kung'oa majani, tochi ilizimika.

"Tata iko nakohoa hapa," alisema gizani, kwa sauti ya mtoto. "Nitamuacha namna gani?"

Nikakumbuka: usibishane. Nikamwambia, "Yaya, mimi naogopa. Naogopa kubaki peke yangu ndani ya hii nyumba." Kisha nikasoma tena, *mwache akohoe*. Nikasoma, *panda*.

Hakupanda mara moja. Udongo ulidondoka kidogokidogo. Halafu nikasikia miguu yake ikitafuta vidato alivyochonga ukutani, na mkono wake ukashika ukingo karibu na goti langu. Nilimvuta kwa shati, nikamvuta kwa nywele, sikumbuki. Alipokaa sakafuni alikuwa ameshika kifua. Nilimpigia kelele Tata Kisimba, akaja na gari lake bila mzaha hata mmoja. Tulipitia hospitali. Moyo ulikuwa unakimbia lakini ulishika. Alilala pale siku mbili mfululizo, kama mtu aliyekatwa waya. Daktari Abigaël alituambia ni kawaida. Alipoamka alikula wali, akalia, akakubali mwenyewe. Njia nzima ya Likasi alishika mkono wangu.

Kuna jambo moja la siku ile pale shimoni sijakuandikia. Nitaliandika nikiwa na hakika.

Josée


Likasi, 8 Julai 2024

Josée, dada yangu,

Wameniruhusu kuandika. Barua watu wa nyumba hii hawazisomi.

Hapa kuna bustani ya mboga, vitanda vya chuma, na wanaume zaidi ya kumi. Mmoja alikuwa mwalimu, mwingine aliuza hata milango ya nyumba yake. Asubuhi tunalima, mchana tunakaa kwa duara na kila mtu anasema. Siku za kwanza nilikuwa nacheka. Sasa nasema.

Unga unaota njozi pamoja nami. Nikinusa chokaa ya ukuta, mate yanajaa. Hamu inakuja kama homa, nafundishwa kuikalia mpaka ipite, nimwambie mtu, ninywe maji, nishike jembe. Kuna siku inapita. Kuna siku namfuata mlezi, mtu wa hapa anayenisimamia, kila aendako kama kifaranga. Sauti zimeondoka. Wadudu wameondoka, nimebaki na makovu.

Nimekufanyia vibaya. Kiti ulichoegemeza mlangoni nilikuwa nakisikia kila siku ukikisogeza. Nilijua ni kwa ajili yangu.

Nina ombi moja. Mlezi anasema niache kurudi kule shimoni kichwani. Niandikie wewe, kwa mkono wako unaoandika vizuri, kwamba chini ya nyumba hapakuwa na mtu. Wewe hujawahi kunidanganya. Nikiliona limeandikwa, nitalala.

Rémy


Lubudi, 19 Julai 2024

Mamu Josée,

Barua yako ya tarehe kumi na tano nimeisoma nyuma ya nyumba, mtu asinione.

Nilidhani nimemaliza kuogopa. Kumbe siku ile, ulipokuwa unamsomea, ulisikia na wewe. Na sasa unasema ukuta wa Kisimba umepasuka, choo chake kimezama, na vijana wametoka ardhini kwenye avenyu ya nyuma, weupe kwa vumbi kama wafu.

Usimwambie. Mwandikie alichokuomba. Ni neno dogo, na Mungu ataniandikia mimi dhambi yake. Akijua ukweli atasema hakuwa mgonjwa, atafunga begi, na atarudi kwenye unga. Nina mtoto wa kiume mmoja tu.

Na wewe, huko unalala vipi?

Mama


Dilala, 27 Julai 2024

Yaya Rémy,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Mama ameniomba nikuandikie jambo moja, nami nakuandikia jingine. Tafadhali uwe na mlezi karibu unaposoma.

Walikuwapo.

Si batatu. Walikuwa wengi zaidi. Waliingilia kwenye lupango moja ya avenyu ya nyuma, na njia yao ilipita chini ya Tata Kisimba ikageukia kwetu. Choo chake kilipozama ndipo walipotoka. Niliwaona kwa macho yangu, mchana, nikitoka kazini. Mmoja wao alisimama akishika ukuta kwa sababu ya kikohozi. Ni kijana mdogo kuliko mimi, anatoka mbali, hafanani na baba hata kidogo. Nilimtazama mpaka akaona haya.

Nilimuuliza walianza lini. Alisema mvua zilipokwisha, katikati ya mwezi wa tano. Wewe uliwasikia Pasaka. Pasaka hapakuwa na mtu, yaya. Mwezi wa tano walikuwapo. Nimefikiria hilo mpaka kichwa kikauma. Ulisikia kikohozi kabla mwenye kikohozi hajafika, na sina maelezo. Daktari Abigaël alisema tu kwamba mtu anaweza kuwa mgonjwa katika nyumba ambayo chini yake kweli panachimbwa.

Siku ile nilipokusomea barua ya mama, nawe umenyamaza gizani, nilisikia sururu. Ilikuwa upande wa kushoto, ndani ya ukuta, mbali. Nilidhani unga umeniingia mimi kwa pumzi yako. Ndiyo maana nilikuvuta kwa nguvu vile.

Nimejaza shimo kwa msaada wa Tata Kisimba, tukamimina simenti. Jana simenti ile ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Bado nalala ukumbini. Nakusubiri, nyumba isikae bila mtu.

Usitoke huko. Nakuomba. Ukitoka, nitajua barua yangu ndiyo iliyokutoa.

Josée


Likasi, 5 Agosti 2024

Josée,

Nilifunga begi.

Nilisoma neno "Walikuwapo" nikasimama palepale. Nilitaka kukimbia avenyu hadi avenyu nikiwaambia watu wote: mnaona? Sikuwa kichaa! Na mara baada ya furaha hiyo ikaja hamu, Josée, nyuma yake kabisa, kama mbwa anayemfuata mwenye nyama. Hapa milango haina kufuli. Nilifika langoni nikakaa juu ya begi. Mlezi akaja akakaa chini kwenye majani. Jua lilitupiga hadi likageuka.

Nilichokiona pale langoni ni hiki. Wale niliowasikia mimi walikuwa wananiita jina. Walisema Rémy, Rémy Kalala, shuka, kwa sauti ya baba, na walijua kila kitu nilichowahi kukionea aibu. Huyo kijana wako wa kikohozi hanijui. Hajui hata kama kuna mtu juu yake. Anatafuta mawe tu, masikini, na yeye pia angetaka kulala.

Nimelirudisha begi chini ya kitanda. Kesho sijui. Leo nimelirudisha.

Umefanya vizuri kutomsikiliza mama. Usimwambie nimesema hivyo.

Sasa nisikilize mimi, nami ni mkubwa wako. Usinisubiri ndani ya nyumba hiyo. Baba alituachia nyumba, hakutuachia kaburi. Kitanda, kioo cha kunyolea na hiyo sufuria ya kufunikia simu, acha vyote. Chukua nguo na picha ya harusi ya mama na baba, nenda Lubudi au ukakae kwa rafiki. Nikitoka hapa tutatafuta chumba chenye udongo mzima chini yake, hata kikiwa kidogo.

Kabla ya kutoka, lala kifudifudi mchana, kama nilivyokuwa nafanya, uweke sikio kwenye ule ufa. Ukisikia wanakuita jina lako, umechoka, dada yangu: nenda kwa daktari, naye atakusaidia kama alivyonisaidia.

Ukisikia sururu tu, toka mbio, usirudi ndani kuchukua viatu.

Kaka yako,
Rémy